Nyumba Aliyonijengea

Alinivisha hedifoni kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemvisha mchumba wake mkufu, ila macho yake yalikuwa ukutani.

"Tembea pole pole," aliniambia. "Usiruke chumba hata kimoja."

"Mbona unaongea kama daktari wa meno?" nilimtania.

Hakucheka. Mwanamume ambaye hata nikipiga chafya alikuwa anacheka, siku hiyo hakucheka. Alinisogezea kiti, akanigusa begani kidogo, kisha akatoka na kuufunga mlango wa kioo. Akabaki nje kule, kati ya meza za wenzetu, mikono mfukoni, ananitazama.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Mvua ilikuwa inanyesha na ofisi nzima tulikuwa sisi wawili tu. Viti vya wenzetu vilikuwa vimeachwa ovyo, kimoja bado kimevaa koti la mwenyewe. Nikamwonyesha dole gumba kupitia kioo. Akaitikia kwa kichwa.

Ofisini walimwita Seremala. Ni utani, maana tangu azaliwe hajawahi kupigilia msumari. Milango, makabati, vitanda, ngazi, vyote aliviunda ndani ya kompyuta. Mimi waliniita Masikio, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa sauti. Yeye akishachora mlango, mimi ndiye niliyeutafutia mlio wake.

Gemu tuliyokuwa tunaitengeneza haikuwa na bunduki wala mbio za magari. Unaingia katika nyumba ambayo wenyewe hawapo. Hakuna anayekusemesha. Unatembea tu, unafungua droo, unainua kikombe, unachungulia chini ya kitanda, na kidogo kidogo vitu vyenyewe vinakwambia nani aliishi pale, alimpenda nani, na yapi yaliwakuta. Nilipomweleza mama yangu, aliniuliza, "Kwa hiyo watu wanalipa ili wapekue nyumba za wenzao?" Nikamwambia ndivyo hasa. Akasema basi jirani yetu angekuwa bingwa wa dunia.

Mama alimpenda Seremala. Baba alimpenda zaidi, kwa sababu alikuwa anakula bila kubembelezwa. Kwetu mambo ya posa yalikuwa yameshakwisha, kulibaki kwao, na kwao kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuombwa: shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ambaye ndiye aliyemlea. Alinipeleka kumwona. Yule mama alinipokea vizuri. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama usoni kwa muda mrefu mpaka nikaona haya.

"Binti mzuri," alisema. "Ndiyo maana nakuonea huruma."

Nikadhani ni mzaha wa watu wazima. Sikuwa nimemjua bado.

"Wanawake wanaoolewa nyumba hii hawakai, mwanangu," aliendelea, sauti yake tulivu kabisa, kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni. "Mama yangu mzazi hakukaa. Mama yake huyu hakukaa. Mke wa mdogo wangu naye hivyo hivyo. Wanakuja wazima, wanacheka kama unavyocheka wewe, halafu tunawazika." Kisha akamgeukia mpwa wake. "Wewe ukimpenda kweli, usimwoe."

Tangu tulipotoka pale, Seremala alibadilika. Alikuwa ananiletea chai mezani kwangu na kuondoka kabla sijasema asante. Alikuwa anashinda kwenye kona yake akijenga nyumba moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuiona, hata bosi. Nilipomuuliza, alisema, "Nikimaliza utaingia wa kwanza." Basi leo alikuwa amemaliza.

Nikabonyeza kitufe. Skrini ikawa nyeusi, kisha mlango ukatokea mbele yangu, na mvua ya mle ndani ikachanganyika na mvua ya nje mpaka nikashindwa kuzitenganisha.

Nikaingia.

Sebule ilikuwa ndogo, nzuri, yenye mwanga wa asubuhi. Mtandio ulikuwa umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Nikatabasamu, maana hiyo ni tabia yangu mimi; mama amenigombeza kwa hilo tangu nikiwa msichana. Kiatu kimoja cha kike kilikuwa kimesimama, cha pili kimelala ubavu. Mezani kikombe, kijiko bado kimo ndani. Kitabu kimefunikwa kifudifudi. Kitana dirishani.

Mimi. Nilikuwa mimi mtupu kila mahali. Mtu huyu alikuwa amenitazama miezi yote hiyo nisijue kama natazamwa. Hata namna ninavyoacha mfuniko wa mafuta ya nywele bila kuukaza alikuwa ameikumbuka. Moyo ukanijaa. Niliinua macho nimtazame kupitia kioo, nikamrushia busu la mkono. Alikuwa pale pale. Hakulipokea.

Nikaendelea. Jikoni sahani mbili zilikuwa zinakauka kando ya sinki. Aproni mbili msumarini. Mchana ulikuwa umeingia dirishani, jua kali la saa saba, ingawa nilikuwa nimetembea hatua chache tu kutoka asubuhi. Nikaelewa alivyoipanga: kila chumba kilikuwa siku nyingine.

Chumba kilichofuata kilikuwa cha kulala. Kulikuwa kunaanza giza. Kwenye meza ya kitandani kulikuwa na vidonge, glasi ya maji nusu, na kitambaa kilichokunjwa kwa ajili ya paji la uso. Kitanda kilikuwa na mabonde mawili ya watu, moja la kina, moja la juu juu. Nikageuka nitoke. Nilipotazama nyuma mara ya mwisho, bonde lilikuwa limebaki moja.

Sikucheka tena.

Kulikuwa na chumba kingine cha kulala, au ni kile kile siku nyingine. Kabati lilikuwa wazi. Nguo za kike zilikuwa zimefunikwa nailoni. Viatu vile, safari hii vimepangwa sawasawa, visigino vimelingana, vinatazama ukuta. Kioo kilikuwa kimegeuzwa. Jikoni niliporudi nilikuta sahani moja na aproni moja, na sinki ina mstari wa kutu. Sebuleni kikombe kilikuwa pale pale, kijiko ndani, na vumbi juu ya vyote viwili. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiosha.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mzima wa afya, nikitembea katika nyumba ambayo nimeshafia.

Hapo ndipo niliposikia hatua.

Nijieleze vizuri. Hatua za mle ndani nilizirekodi mwenyewe, kwa viatu vyangu vya ngozi, juu ya mbao. Nazijua kama ninavyoijua sauti yangu kwenye simu. Nilipokuwa natembea, zilikuwa zinalia zile. Lakini nyuma yake kulikuwa na nyingine. Laini. Za mtu asiye na viatu. Nikasimama, na zile za nyuma zikasimama kwa kuchelewa kidogo, kama mtu aliyekuwa hajategemea kwamba nitasimama.

Nikamgeuza yule ninayemwendesha ndani ya gemu. Hakukuwa na kitu. Korido tupu tu, ndefu, yenye milango pande zote, na mwisho wake mlango mmoja uliokuwa wazi kidogo. Mwanga wa njano ulikuwa unatoka pale.

Nikaenda. Nilikuwa na hamu ya kuvua hedifoni na kutoka mbio, lakini nilikwenda.

Kilikuwa chumba kidogo. Cherehani karibu na dirisha, ya zamani, ya miguu, rangi nyeusi iliyochubuka. Pazia la njano. Sakafuni vipande vya vitambaa na nyuzi. Na juu ya kiti, sweta la mtoto mdogo, la bluu, limefumwa vizuri sana, lenye mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa haujaanza. Sindano zilikuwa zimechomekwa ubavuni zikisubiri.

Na mtu alikuwa anaimba. Bila maneno, mdomo umefungwa, vile mwanamke anavyoimba akiwa na sindano mdomoni na akili yake iko kwenye pindo. Wimbo mfupi unaopanda, unasita, kisha unashuka kama umesahau njia. Uliimbwa karibu sana. Uliimbwa nyuma ya shingo yangu.

Nikazivua hedifoni nikazitupa mezani.

Ofisi ilikuwa kimya. Mvua. Seremala alikuwa ameshafungua mlango wa kioo.

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?" nilimuuliza.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Mimi. Humo ndani. Umeweka vidonge, umeweka kitambaa cha homa, umefunika nguo zangu nailoni. Umeniua kwa nini?"

Alikaa kwenye ukingo wa meza. Alikuwa amekonda, sijui kwa nini sikuwa nimeona. "Nilitaka kujua kama ninaweza," alisema.

"Kuweza nini?"

"Kubaki." Alimeza mate. "Shangazi alisema vile, nikasema ni maneno ya uzee tu. Nikaenda kulala. Sikulala. Nikajiuliza, na kama ni kweli? Nikajenga nyumba yetu. Nikaijenga vizuri, ukiwa umo. Halafu nikakutoa. Kitu kimoja kimoja. Nilitaka kuona kama mtu anaweza kuishi humo."

"Na umeonaje?"

"Nilipogeuza kile kioo nilikaa chini ya meza nikalia kama mtoto. Mfagizi alidhani nimepigwa shoti."

Angekuwa mwanamume mwingine, ningemkumbatia. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina miguu. Nikaanza kuzunguka chumba.

"Umenizika nikiwa nachagua mapazia! Jana nimekuuliza unapenda ya kijani au ya maziwa, kumbe wewe umeshanitoa nyumbani zamani! Ulikuwa unaniletea chai kama mtu anayepeleka maua kaburini!"

"Masikio..."

"Usiniite. Kwa hiyo? Umenileta hapa nione, halafu?"

Alitazama viatu vyake. "Halafu tuachane. Nikikuacha utaishi. Uolewe nyumba nyingine, uzae, uzeeke, unichukie. Mimi nitakuwa nasikia habari zako kwa watu. Hiyo naiweza."

Nilimtazama mtu huyo. Alikuwa na macho ya aliyekwishaamua, na midomo ya anayeomba akataliwe. Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Na kile chumba cha mwisho? Kile ungekitoa. Watu wataogopa bure. Na kile kilio cha... ule wimbo, umeupata wapi? Mbona hukuniambia niurekodi mimi?"

"Chumba gani?"

"Chenye cherehani."

"Hakuna cherehani mle."

"Seremala, sina hali ya utani."

"Na mimi sina." Alisimama. "Mwisho wa korido ni ukuta. Niliichora kama korido ya kwetu, kwa shangazi, na ya kwetu inaishia ukutani. Sijaweka wimbo wowote. Sauti zote mle ni zako."

Alivuta kiti, akaishika kompyuta. Mikono yake ilikuwa inajua kazi. Akaingia nyumbani mle haraka haraka, akapita sebule, akapita jikoni, akaingia korido. Mwisho wake kulikuwa na ukuta. Mweupe, mtupu. Akaufuata mpaka tukagonga. Akaifungua nyumba nzima kutoka juu, kama mtu anayevua paa, nikaona vyumba vyote kwa pamoja. Nyuma ya ule ukuta palikuwa pamebaki weusi tu, mahali ambapo hakuna kilichojengwa.

"Nilikuwa humo," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Kulikuwa na pazia la njano. Kulikuwa na sweta la mtoto, la bluu. Mkono mmoja."

Alikuwa hajanigeukia. "Wimbo ulikuwaje?"

Masikio ni jina langu kwa haki. Nikisikia kitu mara moja huwa sikisahau. Nikaufumba mdomo nikamwimbia: ukapanda, ukasita, ukashuka.

Seremala aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Mabega yake ndiyo yaliyosema.

"Mama alikuwa anashona," alisema mwishowe. "Alikufa nikiwa mdogo, hata sura yake siikumbuki vizuri. Ila huo wimbo naujua. Sijawahi kumwimbia mtu. Sikujua hata kama naukumbuka mpaka sasa hivi."

Nilimwendea. Hasira iliniishia njiani. Nikamwekea mkono kichwani, akaushika akaubana shavuni pake, na tulikaa hivyo, tukiitazama ile skrini yenye ukuta mweupe kana kwamba wakati wowote utafunguka.

"Twende kwa shangazi," nilisema.

"Kufanya nini?"

"Kumuuliza kuna nini nyuma ya ukuta wake."

Tulikwenda mvua ikiwa imepungua. Njiani hatukuzungumza, lakini hakuuachia mkono wangu, hata alipokuwa anatafuta nauli, akaitafuta kwa mkono wa kushoto kwenye mfuko wa kulia mpaka abiria mmoja akacheka.

Shangazi alitufungulia kabla hatujabisha. Alikuwa amejitanda shuka, nyumba yake ina harufu ya sabuni ya kufulia na ya chumba kisichopata hewa. Alimtazama mpwa wake machoni, akanitazama mimi, akaona tulivyoshikana.

"Kumbe hamkunisikia," alisema.

"Shikamoo shangazi," nilisema.

"Marahaba. Kaeni."

"Samahani, shangazi. Naomba kwanza nione korido."

Alinitazama kama niliyeomba kuonyeshwa chumba chake cha kulala. Lakini nilikuwa nimeshapita. Ilikuwa ndiyo ile, kabisa: ndefu, milango pande zote, mwisho ukuta uliopakwa chokaa. Mara ya kwanza nilipokuja nilikuwa nimekaa sebuleni kwa adabu zote na sikuiona. Nikausogelea ule ukuta, nikaugonga kwa kidole. Kuta nene hujibu kwa sauti fupi. Huu ulinijibu kwa sauti ndefu, kama mtungi.

"Usiguse hapo," shangazi alisema nyuma yangu.

"Pana chumba humu."

"Hapana kitu."

Sikubishana naye. Nikageuka, nikafumba mdomo, nikauimba ule wimbo.

Shangazi alishika fremu ya mlango. Mara, kama mtu asiyeweza kujizuia, akaupokea pale nilipouachia, akaumalizia. Ulikuwa na sehemu nyingine ambayo sikuisikia ofisini. Ilikuwa nzuri sana. Seremala aliganda katikati ya korido, sisi wanawake wawili tukiwa kila mmoja upande wake.

"Nani kakufundisha?" shangazi aliuliza.

"Nimeusikia. Alikuwa kwenye cherehani. Kulikuwa na sweta la bluu, halikuwa limekwisha."

"Mkono mmoja," alisema.

"Mkono mmoja."

Hakuuliza nimeliona wapi. Sijui, labda mtu aliyeishi miaka yote hiyo na ukuta kama ule huwa anangoja tu aje wa kumwambia. Mpaka leo mimi mwenyewe sina maelezo. Tulimpa kompyuta ile fundi baada ya fundi wakaikagua, hakuna aliyekuta chumba wala wimbo, na mimi siwezi kusema nilichoona hakikuwepo.

Tulimkalisha sebuleni. Seremala akachuchumaa miguuni pake.

"Lile sweta ulikuwa unafumiwa wewe," shangazi alimwambia. "Wifi yangu alikuwa anaumwa, na alijua, akasema kabla hajaenda lazima akufumie sweta. Alipotuacha, baba yako alikuwa anaingia mle kila asubuhi, anakaa kwenye kile kiti, analishika lile sweta. Nampikia, hali. Namwambia kaka, oga, haogi. Mtoto analia, hasikii. Nikafikiri nikikiziba chumba atarudi kwetu. Nikaita mafundi wakajenga. Alichofanya ni kuhamishia kiti chake koridoni, akawa anakaa anautazama ukuta. Mpaka akamfuata."

"Uliniambia alikufa kwa homa," Seremala alisema.

"Ningemwambiaje mtoto? Baba yako amekufa kwa kutotaka kula?"

Mvua ilianza tena, kidogo kidogo, juu ya bati. Nikamsogelea yule mama, na hapo nikamwelewa. Nikaona aibu kwa jinsi nilivyomchukia kimya kimya siku zote zile.

"Kwa hiyo hukuwa unaniogopea mimi," nilimwambia.

"Wewe nilikuonea huruma. Lakini wanawake hufa kila nyumba, mwanangu, na hufa wanaume pia. Niliyemwogopea ni huyu. Wanaume wa nyumba hii hawajui kubaki. Baba yangu alikuwa hivyo. Mdogo wangu yuko hai, lakini ukimwona utadhani ni nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Na huyu ndiye pekee niliyebaki naye." Akamshika mpwa wake kidevu, akakiinua. "Nilipoona unavyomtazama binti wa watu, nikaona macho ya kaka yangu. Nikasema, Mungu wangu, hapana tena."

Nilimgeukia Seremala. Nilijua ninachotaka, na nilijua kuwa nisipokisema pale, tutarudi ofisini tukaachane kwa heshima kama watu wazima.

"Nitazame," nilimwambia. "Leo nitazame."

Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni tangu siku ile aliponileta kwa shangazi, na nilikuwa nimeyakumbuka mno macho yale.

"Sikuombi uniahidi kwamba sitakufa. Hilo si lako. Nataka uniahidi kitu kingine. Nikitangulia mimi, utakula. Utaosha kile kikombe. Viatu vyangu utampa mtu anayevipenda. Kama tuna mtoto na akalia, utamsikia. Ukiniahidi hayo, naolewa nawe hata kesho. Usiponiahidi, naondoka mwenyewe, huna haja ya kuniacha."

Nikamwona Seremala anahangaika, anakwenda mle kwenye nyumba aliyoijenga, anapita chumba kwa chumba.

"Kikombe nitakiosha," alisema pole pole. "Nitakiosha nikilia, lakini nitakiosha. Nitakula. Mtoto nitamsikia. Viatu..." Sauti ikakatika. "Viatu nipe muda."

"Muda utapata."

Akafuta uso kwa kiganja. Kisha akaniuliza, si kwa ubishi, ni kwa kutaka kujua tu: "Na nikitangulia mimi?"

Nilikuwa na jibu la kila kitu siku hiyo. Nilikuwa nimegombana, nimegonga kuta, nimeweka masharti kama hakimu. Lakini swali lile lilinikuta mikono mitupu. Siku zote nilikuwa nimejifikiria mimi ndiye niliyekufa, na watu wote wananililia. Nikaiona ile sebule yenye mwanga wa asubuhi, viatu vyangu mimi vimelala ovyo kama kawaida, kijiko changu kwenye kikombe, na yeye hayumo.

"Sijui," nilisema. Machozi yalikuwa yananidondoka na sikuyafuta. "Sijui, mpenzi wangu. Nitalia mpaka majirani wahame. Baada ya hapo sijui."

Kule koridoni, mbali, niliona kama nasikia hatua ya mguu mtupu, moja tu. Huenda ilikuwa mbao zinapoa. Hakuna aliyegeuka.

Shangazi alijivuta kwenye kiti chake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, uso wake ulilegea, nikaona kwamba alikuwa mwanamke mzuri sana zamani, na kwamba hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini hakuolewa.

"Kulikuwa na mtu," alisema, hatazami yeyote kati yetu. "Alikuwa fundi saa. Aliniuliza swali hilo hilo, amekaa hapo hapo alipo huyu. Nikamjibu kama ulivyojibu wewe, sijui. Nikaona mtu asiyejua hawezi kuolewa, nikamfukuza." Akanyoosha mkono, akachukua mkono wangu, akauweka juu ya mkono wa mpwa wake, akaubana pale kwa nguvu ambazo sikuzitegemea. "Wewe usimfukuze."